UZI: Kabla hujalipa rigi ya kuchimba kisima, uliza data imechakatwaje (upimaji wa chini ya ardhi kwa mitetemo, Arusha na Moshi)

Mpimaji_Tengeru

Wakuu, habari za jioni.

Humu hakupiti muda bila mtu kulalamika kuhusu kisima kikavu, na hapo hapo mwingine anatangaza mashine mpya inayoona maji, madini na mafuta chini ya ardhi. Mimi kazi yangu ni upimaji, wa mitetemo na wa umeme, huku Tengeru na vijiji vya jirani. Nimeona niandike uzi mmoja mrefu tuwe na pa kurejea. Mwenye swali aulize.

Jambo ninalotaka tulielewe ni hili: watu wananunua jina la mashine, wakati kazi kubwa inafanyika baada ya mashine kuzimwa. Mashine ya mitetemo inasikiliza tu. Unapiga ardhi, wimbi linashuka, likikuta tabaka lenye ugumu tofauti sehemu yake inarudi juu, vipokezi vinarekodi imechukua muda gani. Kinachotoka ni mistari inayotetemeka, na ukimpa hata mtaalamu aliyebobea aitazame ilivyo, hawezi kukuambia chimba hapa. Ile picha ya rangi kwenye ripoti ametengeneza mtu aliyekaa kwenye kompyuta akaamua kelele zipi ziondoke, kila tabaka lipewe kasi gani, na kila mwangwi urudishwe sehemu gani. Wapimaji wawili wakipewa data ile ile wanaweza kuleta picha mbili tofauti, na rigi ikapelekwa pembe mbili tofauti za shamba.

Tuone kazi yenyewe. Chukulia shamba la migomba na mahindi kule Kikwe. Tunanyoosha kebo, tunachomeka jiofoni 24, moja kila mita 3. Jiofoni ni kikopo kinachoenea kiganjani, chini kina msumari, ndani kuna koili na sumaku. Ardhi ikitikisika inatoa umeme kidogo sana. Msumari lazima uingie kwenye udongo wenyewe. Ukiuacha juu ya majani makavu ya mgomba, jiofoni hiyo itakuletea kelele siku nzima. Kijana anashika nyundo ya kilo 8 anapiga bamba la chuma, na swichi iliyofungwa kwenye mpini inaiambia rekoda ianze kuhesabu. Lori likipita barabara ya Moshi, mistari yote inavurugika, tunasubiri lipite. Halafu anapiga tena pale pale, mara kumi, rekoda inajumlisha. Mapigo yanafanana, kwa hiyo yakijumlishwa yanakua mara kumi. Kelele hazifanani, zinakatana zenyewe, zinakua kama mara tatu tu. Huo ndio uchakataji wa kwanza kabisa, na ukifanywa kwa uvivu hakuna programu itakayokuokoa baadaye.

Kisha tunachora muda wa wimbi la kwanza kufika kwenye kila jiofoni. Tuseme zile za karibu zinatoa kasi ya mita 400 kwa sekunde. Huo ni udongo mkavu. Kuanzia mita 30 mstari unalala, kasi inapanda hadi mita 1,600. Kina cha tabaka la pili ni nusu ya 30, zidisha kwa kipeuo cha pili cha jibu la (1,600 toa 400) kugawanya kwa (1,600 jumlisha 400). Unapata kama mita 11.6. Sauti ndani ya maji inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, na mchanga uliojaa maji unaangukia humo humo. Basi mpimaji mwenye haraka anaandika MAJI kwa herufi kubwa. Lakini majivu ya volkano yaliyogandamana, bila tone la maji, nayo yanaweza kuwa na kasi hiyo hiyo. Ndiyo sababu lazima upime na umeme: penye maji umeme hupita kwa urahisi zaidi. Mfinyanzi nao huupitisha umeme, kwa hiyo kipimo cha umeme kikiwa peke yake nacho kinadanganya. Vipimo viwili vikikubaliana ndipo unaanza kuwa na neno la kumwambia mwenye shamba.

---

Kahe_Mkulima

Mkuu, asante kwa darasa. Huku Kahe ni tambarare, mambo yanakwenda vizuri kiasi. Ndugu yangu yuko juu huko njia ya Marangu, walimpimia kwa nyundo kama ulivyoeleza, ripoti ikasema mwamba mgumu moja kwa moja. Jirani yake amechimba na akapata maji chini ya huo mwamba. Inakuwaje?

---

Mpimaji_Tengeru

Mkuu Kahe, hapo umegusa tatizo kubwa la milima yetu miwili.

Hesabu niliyoeleza inataka kasi iongezeke kadiri unavyoshuka. Kilimanjaro na Meru hazikujengwa hivyo. Lava ilimwagika, juu yake majivu, juu yake tope na mawe, halafu lava nyingine. Unakuta lava ngumu ambayo wimbi linapita kwa mita 4,000 kwa sekunde au zaidi, na chini yake majivu yasiyofika hata 1,000. Wimbi likiingia kwenye tabaka laini lililo chini ya gumu linapinda kuelekea chini, haliwezi kutambaa juu ya tabaka hilo na kurudi kwenye jiofoni. Kwa kipimo kile tabaka hilo halipo. Mbaya zaidi, kina cha chochote kilicho chini yake kinatoka kikubwa kuliko ukweli. Maji mengi ya huku yanakaa hapo hapo, kwenye nyufa za lava na kwenye kokoto za volkano zilizobanwa kati ya lava moja na nyingine.

Njia ya kulizunguka ipo, na wala haihitaji kununua vifaa vingine vya gharama kubwa. Nyundo ile ile inatoa pia mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi, ambayo kwa miaka mingi wapimaji waliyafuta kama takataka. Mawimbi hayo yakiwa ya masafa ya chini (mitikisiko michache kwa sekunde) yanagusa kina kirefu, yakiwa ya masafa ya juu yanaishia karibu na uso. Ukipima kila masafa yanakwenda kwa kasi gani, unaweza kukisia ugumu wa kila tabaka, hata laini lililojificha chini ya gumu. Watafiti wa Kansas Geological Survey, Marekani, waliichapisha njia ya kufanya hivyo kwa jiofoni nyingi kwa pamoja mwaka 1999. Kwa nyundo utafika mita 20 au 30 hivi, zaidi ya hapo unahitaji chanzo kizito. Inawezekana kabisa data ya ndugu yako ina jibu ndani yake hadi leo. Aombe faili, zichakatwe upya kabla hajalipia kipimo kingine.

---

Mzee_wa_Kibosho

Vijana, mimi sina elimu hiyo. Ila huku Kibosho tumekua tukisafisha mifongo (mifereji yetu ya asili), tunajua maji yanapopotelea ardhini na yanapotokea tena chini. Mbona wapimaji wakija hawatuulizi?

---

Mpimaji_Tengeru

Shikamoo mzee. Ni kweli, na ni kosa la kitaalamu, sio la adabu peke yake. Hesabu nyingi za kisasa zinaanza na makisio: unaiambia kompyuta "nadhani chini kuko hivi", nayo inarekebisha. Makisio yakiwa mabaya, majibu yanaharibika. Mahali mfongo unapopoteza maji pananiambia kuna mwamba wenye nyufa, na chemchemi inapotokea mara nyingi ni kwamba lava imeishia hapo au imekutana na tabaka lisilopitisha. Kwangu hizo ni alama mbili za kuanzia ambazo nyundo isingenipa. Mpimaji akifika na gari, akapima, akaondoka bila kuzungumza na wazee wanaogawa maji, ameacha data bora ya kijiji hicho mezani.

---

Mama_UsaRiver

Kaka Mpimaji, mimi nilipimiwa vizuri, maji tukayapata mengi. Shida ni meno ya watoto, yameanza kuwa ya kahawia. Hicho kipimo hakikuweza kuona mapema?

---

Mpimaji_Tengeru

Pole sana mama. Hakiwezi. Mitetemo inaona ugumu na uzito wa mwamba, floraidi imeyeyuka ndani ya maji na wimbi halitofautishi. Kipimo cha umeme kinaweza kuhisi maji yenye chumvi nyingi, ila hakiwezi kusema hii ni floraidi. Floraidi inatoka kwenye miamba yetu ya volkano, na ukanda wa kuzunguka Meru unajulikana kwa hilo. Maji ya Chai ni mfano unaotajwa kila mara.

Peleka sampuli maabara ya maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi, na njia waliyoifanyia kazi sana ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa. Wakati unasubiri majibu, maji ya kunywa na kupikia ya watoto yatoke kwingine, na ya mvua yanafaa yakikingwa vizuri. Kwa wengine mnaosoma: maji yapimwe floraidi siku ya kujaribu kisima, kabla pampu haijanunuliwa.

---

Apolo_Mirerani

Wakuu, kuna jamaa anazunguka na ditekta, anasema inapiga mawimbi na kuonyesha tanzanite hadi mita 300. Kuna kitalu tunataka kuchanga tumlipe. Mnasemaje?

---

Mpimaji_Tengeru

Kaka, msimlipe. Ngoja nikupe hesabu uipeleke kwenye kikao chenu.

Kitu kidogo kuliko robo ya urefu wa wimbi hakitenganishiki kwenye picha ya mitetemo. Urefu wa wimbi ni kasi gawanya kwa masafa. Miamba ya Mirerani ni migumu, tuseme mita 5,500 kwa sekunde. Hata ukifanikiwa kushusha masafa ya 100 kwa sekunde hadi kina hicho, jambo gumu sana, urefu wa wimbi ni mita 55 na robo yake ni karibu mita 14. Mfuko wa tanzanite ni mdogo mno kuliko hapo. Tena miamba yenyewe imekunjwa na kusimama, mwangwi unatawanyika pembeni badala ya kurudi juu. Na tanzanite yenyewe haina ugumu wa pekee wa kuitofautisha na mawe yaliyoizunguka.

Kinachoweza kusaidia ni kufuata tabaka lenye grafiti, kwa kuwa tanzanite inakaa kwenye miamba ya aina hiyo na grafiti inapitisha umeme vizuri. Hiyo inakupa mwelekeo wa mwamba. Jiwe lenyewe hakuna chombo cha juu ya ardhi kitakachokuonyesha ukiwa umesimama.

---

Dada_wa_Jiolojia

Kaka Mpimaji, mimi niko mwaka wa mwisho, nyumbani ni Moshi. Tunasikia sana kuhusu Eyasi-Wembere. Unaweza kueleza teknolojia imefika wapi kwenye utafutaji wa mafuta, na kwa nini huko nako kuwe na ugumu?

---

Mpimaji_Tengeru

Swali zuri dada, hapa nitakaa kidogo.

Jaribio la kupata picha ya miamba kwa mwangwi lilifanyika Oklahoma, Marekani, mwaka 1921. Miaka ya 1950 ikaja fikra ya kupima sehemu moja ya chini kwa mapigo mengi yenye umbali tofauti kisha kujumlisha, ile ile ya nyundo yetu kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1967 ikapimwa 3D ya kwanza, yaani picha ya pande tatu badala ya mstari mmoja (2D), Friendswood, Texas. Mwaka 1975 ikatoka SEG-Y, muundo wa faili tunaoutumia mpaka leo.

Halafu ndipo hesabu zikaanza kuongoza. Tabaka likilala kwa mshazari, mwangwi wake unaandikwa mahali pasipo pake. Ncha ya mwamba uliokatika inaonekana kama mwavuli. Kuurudisha kila mwangwi nyumbani kwake ni kazi ambayo Jon Claerbout wa Stanford aliiwekea msingi wa mlinganyo wa mawimbi miaka ya 1970. Mwaka 1983 zikachapishwa mbinu za kuyarudisha mawimbi nyuma kwa wakati ndani ya kompyuta: unaichukua rekodi, unaianzisha kutoka mwisho kwenda mwanzo, mawimbi yanazama hadi pale yalipogonga. Karatasi zilikuwepo, kompyuta hazikuwepo. Zaidi ya miaka 20 ilipita kabla haijawa kazi ya kila siku.

Mwaka 1984 Albert Tarantola, aliyekuwa Paris, akaweka msingi wa kile ambacho leo ndicho kilele. Kompyuta inakisia ardhi, inatengeneza mitetemo ya kubuni juu ya makisio hayo, inalinganisha na mitetemo iliyorekodiwa kweli, wimbi kwa wimbi, inasahihisha makisio, inarudia. Inaposhika, picha inatoka safi ajabu. Kwenye uwanja wa Valhall, upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini, njia hii ilionyesha mifereji ya kale na wingu la gesi juu ya mwamba uliobeba mafuta, vitu ambavyo picha za awali zilivionyesha kwa ukungu. Ina ugonjwa wake: makisio ya mwanzo yakikosea kwa zaidi ya nusu ya wimbi, kompyuta inalinganisha mgongo wa wimbi hili na mgongo wa wimbi jirani, inaridhika, na inakuletea picha nzuri ya uongo. Dawa ni kuwa na masafa ya chini sana kwenye data na makisio yenye akili.

Eyasi-Wembere iko kwenye Bonde la Ufa, na TPDC (shirika la petroli la Serikali) inatafuta huko kwa matumaini yanayoeleweka: Uganda walipata mafuta kwenye Bonde la Albertine mwaka 2006, Kenya wakapata Lokichar mwaka 2012. Ugumu wa upande wetu ni volkano. Lava na majivu vikiwa karibu na uso, mawimbi yanatawanywa na kumezwa kabla hayajafika kwenye mashapo ya chini (tabaka za mchanga na tope zilizotuama), na masafa ya chini ndiyo yanayopenya. Mistari ya 2D nayo inapokea mwangwi kutoka pembeni na kuuchora kana kwamba umetoka chini yake. Kwa hiyo ukisikia "picha ya kwanza haionyeshi kitu" usikate tamaa, na ukisikia "picha inaonyesha mtego mkubwa" (umbo la miamba linaloweza kunasa mafuta) usishangilie bado. Kinachotakiwa kulindwa kwa nguvu zote ni data ghafi. Kwa sheria zetu data za utafutaji wa petroli ni mali ya Serikali na PURA, mamlaka ya udhibiti wa utafutaji wa petroli, ndiyo inayozisimamia. Data iliyorekodiwa vizuri leo, mwenzako atakayesoma miaka 15 ijayo ataichakata kwa hesabu ambazo bado hazijaandikwa. Ikipotea au ikihifadhiwa bila kumbukumbu za uwandani, fedha iliyotumika imeishia kwenye picha moja.

---

Msomaji_Monduli

Samahani, huku kwetu watu wanaogopa. Hayo magari ya kutikisa ardhi na baruti hayawezi kuamsha volkano ya Lengai au kuleta tetemeko?

---

Mpimaji_Tengeru

Hofu hiyo ina sababu, watu wanakumbuka 2007. Tetemeko la tarehe 17 Julai mwaka huo, lenye ukubwa wa 5.9 karibu na mlima Gelai, lilitoa nguvu inayokadiriwa kuwa makumi ya mamilioni ya mamilioni ya joule, na Lengai ikalipuka kwa nguvu baadaye mwaka huo huo. Pigo la nyundo yetu ni joule mia chache. Gari la kutikisa ni kubwa zaidi, lakini ukisogea umbali mfupi tu hutahisi tena chochote. Tetemeko lile lilitokana na bonde kupanuka na magma (mwamba ulioyeyuka) kusogea chini ya ardhi.

Wanakijiji wana haki ya kudai umbali salama kutoka kwenye nyumba, visima na makaburi, na fidia ya mazao yanayokanyagwa. Hayo yaulizeni bila woga. Kuna pia upimaji usiopiga kitu kabisa: mwaka 2013 hadi 2014 vituo vya muda vilitegwa eneo la Natron na Magadi, vikasikiliza matetemeko madogo ya asili, na kwa kuyaunganisha na vipimo vya gesi inayotoka ardhini watafiti wakaweza kuonyesha hewa ukaa ikipanda kutoka kina kirefu kupitia nyufa za bonde.

---

Njiro_Programu

Mkuu, mimi ni mwandishi wa programu, jiolojia sijui. Hii kazi ya uchakataji si ingefanyika hapa hapa Arusha? Na akili mnemba imeingia?

---

Mpimaji_Tengeru

Ingefanyika, na nilikuwa nasubiri mtu wa aina yako aje kwenye uzi huu.

Zana zipo bure. Seismic Unix ilitoka Colorado School of Mines na bado inatumika, programu iitwayo Madagascar ipo, ObsPy inatumia Python unayoijua tayari. Data ya kujifunzia ipo pia. Data ya kitalu cha F3, baharini upande wa Uholanzi, iko wazi mtandaoni na watu wengi duniani wamejifunzia hiyo. Data ya nyundo ya shamba moja inachakatika kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Hesabu za kilele za 3D ndizo zinazotaka mitambo mizito.

Akili mnemba imeingia kwa kasi. Kuchagua wimbi la kwanza kwenye maelfu ya mistari, kazi iliyokuwa ikiumiza macho ya mtu siku nzima, sasa ni dakika. Kuondoa kelele na kufuata nyufa kwenye 3D pia. Tahadhari yangu ni moja. Mifumo mingi imefundishwa kwa data za bahari zenye mashapo yaliyotulia, kama hiyo F3. Ukiileta kwenye lava juu ya majivu, itachora kile ilichozoea kukiona, na itachora kwa kujiamini. Tunahitaji mifano yetu wenyewe: data za visima vya Arumeru, Hai, Rombo, zikiambatana na kumbukumbu ya mchimbaji ya mita kwa mita rigi ilipita kwenye nini. Kumbukumbu hizo zinaandikwa kila siku na nyingi zinabaki kwenye droo. Ukiwa tayari kutengeneza mahali pa kuzikusanya, nitafute inbox, mimi naleta faili.

---

Kamati_Kikatiti

Mkuu, sisi ni kamati ya maji. Tulilipa kampuni fulani, tukapewa ripoti ya kurasa nne, picha ya rangi na alama ya X. Tumechimba mita 120, pakavu. Sasa wanataka tulipie pointi ya pili. Tuwaambie nini?

---

Mpimaji_Tengeru

Poleni sana, najua fedha hizo ni michango ya watu.

Msilipe pointi ya pili kabla hamjapata vitu vya pointi ya kwanza. Andikeni barua, muombe faili ghafi jinsi zilivyotoka kwenye rekoda, ziwe SEG-2 au SEG-Y, pamoja na daftari la uwandani linaloonyesha kila jiofoni na kila pigo lilikuwa wapi kwa GPS. Muombe waeleze walitumia kasi gani kwa kila tabaka na walizipataje. Muulize kama walipima na umeme, na kama vipimo viwili vilikubaliana. Halafu mpate kwa mchimbaji kumbukumbu ya kisima chote, mita kwa mita. Kisima chenu kikavu sasa ndicho kipimo bora kuliko vyote, kwa sababu kinasema ukweli wa mita 120 mahali hapo. Mpimaji yeyote makini ataanzia hapo, atarekebisha kasi zake mpaka zikubaliane na kisima, ndipo aseme kama pointi ya pili ina maana. Kama kampuni haina faili ghafi, mtakuwa mmejua cha kufanya kuhusu pointi yao ya pili. Mkishapata kibali cha bodi ya maji ya bonde cha kuchimba tena, kwenye mkataba mpya wekeni kipengele kwamba data ghafi ni mali ya kamati.

Nitumieni ripoti na kumbukumbu ya mchimbaji inbox, mfiche jina la kampuni. Nitaipitia Jumamosi na kuwajibu hapa hapa ili na wengine wasome.